Mashapo Nyuma ya Jiko

Jumapili, 4 Machi 1956

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu, Omoding. Alirudi nalo kutoka vita vya Burma pamoja na koti la kijeshi na blanketi moja, na kwa miaka kumi aliandika kurasa nne tu, zote majina ya ng'ombe. Kurasa zilizobaki ni zangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, na ndicho tulichofundishwa misheni. Pili, shemeji yangu Ebong anasoma Kiteso vizuri sana, hasa barua zisizo zake, lakini Kiswahili cha maandishi kinampiga chenga.

Leo baada ya ibada wazee wa ukoo walikaa nyumbani kwa Ebong, hatua mia kutoka mlangoni kwangu hapa Buteba, wakanijadili. Hawakuniita mpaka walipomaliza. Oluka, mkubwa wa ukoo, aliniambia huku akitafuta kiatu chake chini ya kiti kwamba mwanamke asiye na mtoto hawezi kubaki na ng'ombe kumi na tisa.

Nikamuuliza, "Omoding alipokuwa Burma, nani aliwachunga? Alipolala mwaka mzima akikohoa damu, nani aliwakamua?"

Ebong ndiye aliyejibu. "Basi tuone. Tutaanua tanga baada ya mavuno ya wimbi. Una ndama saba wa mwaka huu. Siku hiyo tutawahesabu."

"Wakizidi nusu, abaki nao," Oluka alisema. Kiatu kilikuwa kimepatikana na alitaka kwenda zake. "Wasipozidi, ng'ombe wote waende kwa Ebong."

"Na yeye pamoja nao," Ebong akamalizia.

Nusu ya saba ni tatu na kipande. Kwa hiyo ni wanne. Nimeandika hapa ili mtu asije akasema hesabu ilikuwa nyingine. Na nimeandika vilevile kwamba siendi kwa Ebong, hata wakinipeleka kwa kamba.

Jumatano, 7 Machi

Bwana Mkubwa wa mifugo amekuja kutoka Tororo na askari. Upande wa Kenya kuna ugonjwa wa midomo na kwato, kwa hiyo karantini. Kwenye kivuko cha kijito chetu wametandaza magunia yaliyoloweshwa dawa, na kila avukaye lazima ayakanyage. Watu ruhusa, ng'ombe marufuku.

Wanaume walicheka wakasema nyasi za huku zinatosha. Mimi sikucheka. Tangu zamani, kila masika yanapoanza, ng'ombe wetu huvushwa kwenda kulamba udongo kwenye genge nyuma ya shamba la shangazi yangu Amulen. Hulamba siku tatu, nne, mpaka ndimi zinageuka rangi. Mwaka jana walifunga mpaka kwa sababu ya sotoka. Mwaka huu ni midomo. Ni masika ya pili sasa bila udongo ule.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua. Nimepanda wimbi. Mgongo hauna habari nami.

Alhamisi, 22 Machi

Ndama wa Sajini amekufa.

Omoding aliwapa ng'ombe wake vyeo vya jeshi. Sajini, Koplo, Luteni, Jemadari. Mtamba mmoja mweusi aliyevunjika mguu shimoni mwezi wa Januari aliitwa Kuruta, kwa kuwa alikuwa hajui kutembea kwa mstari. Huyo nimemfunga nyuma ya jiko, maana hawezi kufuata wenzake, na kidonda chake kinatoa usaha mwezi wa tatu sasa. Ebong alinishauri nimchinje. Nikamwambia amchinje wa kwake.

Ndama wa Sajini alizaliwa mweusi tii. Wiki mbili hizi weusi ulipauka ukawa rangi ya kutu, na kuzunguka macho kukatoka weupe, utadhani amevaa miwani. Akaharisha. Juzi alipata homa ya kupe, ile ambayo ndama wa miaka ya nyuma walikuwa wakiugua siku chache wanaamka. Huyu hakuamka. Wamebaki sita.

Jumanne, 27 Machi

Nimekwenda Busia kwa Madina. Mumewe Hamuza ana lori, yeye ana duka, na mdomo wanao wote wawili. Nikamweleza habari za udongo.

"Dada, udongo ni nini? Ni chumvi tu ile!" Madina alisema. "Chukua hii ya kwangu, nyeupe, safi, imetoka na treni. Ng'ombe takula, tanona, tasahau hata hiyo Kenya."

Nikachukua. Wamelamba kwa furaha.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Kanisa lilijaa. Baada ya ibada Ebong alipita zizini kwangu na nguo zake za Pasaka, akainua kidole na kuhesabu ndama kwa sauti. Alipofika sita akashusha kidole, akanitakia Pasaka njema.

Nikamwambia na yeye Pasaka njema, na afunge vifungo vya suruali.

Jumanne, 10 Aprili

Chumvi ya Madina wanaipenda sana na haiwasaidii hata chembe. Ng'ombe wekundu sasa wamekuwa wa njano chafu, weusi wana kutu. Ndama wa Jemadari anatembea miguu imekakamaa.

Leo Bwana Mkubwa alipita kukagua midomo. Yuko pamoja na msaidizi wake Okanya, Mjopadhola wa Sop Sop, aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Hajui Kiteso, kwa hiyo tunasemezana Kiswahili, na chake kinachechemea kuliko Kuruta. Nilimwambia Okanya amweleze Bwana wake kwamba ng'ombe wanaumwa kwa kukosa udongo wa ng'ambo.

Wakazungumza Kiingereza. Bwana Mkubwa akacheka kidogo, bila ubaya, kama unavyomcheka mtu aliyevaa shati kinyume.

"Bwana nasema ni minyoo," Okanya akaniambia. "Nasema pia ng'ombe hii yote ilipata sindano ya sotoka mwaka jana, iko salama. Na nasema udongo ya kule imekanyagwa na ng'ombe mgonjwa. Mama asilete."

"Mwambie nimesikia."

"Umekubali?"

"Nimesema nimesikia."

Akafunga begi lake. Mbwa wa serikali, nilijisemea. Anabweka anapoambiwa.

Alhamisi, 19 Aprili

Ndama wa Jemadari amekwenda. Watano.

Ijumaa, 20 Aprili

Leo nimevuka.

Ng'ombe hawawezi kwenda kwenye udongo, basi udongo utakuja kwa ng'ombe. Sijui kwa nini hatukuliwaza jambo hili mwaka jana. Au najua: kuwavusha ng'ombe ni kazi ya wanaume, na mwanaume wa hapa habebi chungu kichwani, hata nyumba ikiungua na maji yamo ndani ya chungu hicho.

Nilivuka mchana saa sita, kila mtu ananiona, chungu kikubwa kichwani. Kwa shangazi Amulen nilichimba kwenye ukuta wa genge, mahali ambapo kwato hazifiki, nikaingiza mkono mpaka begani kabla ya kutoa udongo wa kwanza. Ni wa kijivu wenye ukijani kwa mbali. Shangazi aliniuliza ninakimbilia nini. Nikamwambia ninakimbia Ebong.

Kwenye kivuko askari akauliza chunguni mna nini.

"Udongo wa kukandika ghala."

"Huku kwenu hakuna udongo?"

"Upo. Lakini si wa kwetu." Hata mimi sikuelewa nilimaanisha nini, ila alinipisha. Nikakanyaga magunia yake ya dawa kwa miguu yote miwili, tena kwa nguvu, nikapita.

Mama mkwe wangu Alupo alikuwa ananingoja jikoni. Ni mama wa Ebong vilevile, lakini tangu Omoding afe anakula kwangu, na hilo nalo linamuuma Ebong. Alionja udongo kwa ncha ya ulimi.

"Una chumvi hasa," alisema. "Sasa tuutengeneze kama abalang."

Abalang ni chumvi yetu ya majivu. Unachoma maganda, unaweka majivu katika chungu chenye matundu chini, unamwagia maji polepole, unakinga yanayodondoka. Majivu unamwaga. Hakuna mwanamke wa Kiteso asiyeweza kazi hiyo akiwa amefumba macho. Tukaweka udongo wa Amulen katika chungu cha matundu, tukachuja mpaka jioni, tukapata maji ya rangi ya chai. Mashapo tukayamwaga nyuma ya jiko.

Ng'ombe walipigania maji yale. Leo nitalala kitandani kama mtu.

Jumatatu, 30 Aprili

Nimevuka tena mara tatu wiki iliyopita. Mvua, matope. Askari ananiuliza ghala langu lina ukubwa gani.

Jumatatu, 7 Mei

Palizi.

Jumatano, 16 Mei

Ndama wa Luteni. Homa siku mbili, basi.

Wanne. Sina wa kupoteza tena hata mmoja.

Nilipomaliza kumzika nilikaa chini kwenye matope nikalia, na nitaandika hivyohivyo, nililia, kwa hasira zaidi ya huzuni. Mwezi mzima nimebeba udongo shingo inapinda. Mwezi mzima tumechuja, hatukupoteza hata tone. Na ng'ombe wanakunywa, na rangi inazidi kupauka.

Ebong alikuja. Nilidhani amekuja kuhesabu. Alisimama upande wa pili wa zizi akasema, "Kwangu wamekufa watatu." Kisha akaondoka. Hakuinua kidole. Sijui kwa nini neno hilo limenisumbua kuliko kama angenicheka.

Jumapili, 20 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 28 Mei

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko kumsogeza Kuruta, maana mvua ilikuwa imechimba pale aliposimama. Kwa kweli nilikuwa nimemsahau yule mtamba. Nilikuwa nampa majani na maji ya kawaida, nikijua ataishia kufa. Maji ya udongo sikumpa kabisa, nilisema tusipoteze kwa kiwete.

Nikamwangalia, nikarudi nyuma, nikamwangalia tena. Kuruta alikuwa mweusi. Si rangi ya kutu. Mweusi wa kung'aa, weusi wake wa zamani, umeota kuanzia mizizi ya nywele. Miwani ya macho imefutika. Nikachuchumaa nikashika mguu wake. Kidonda cha Januari kilikuwa kimefunga, kimekauka, kina ngozi mpya.

Nikamwita Alupo kwa sauti iliyomfanya aje na mwiko.

"Umempa nini?" akauliza.

"Sijampa kitu!"

Tukabaki tunamtazama. Na yeye Kuruta, bila kutujali, akanyoosha shingo mpaka kamba ikakaza, akatoa ulimi, akalamba lundo la mashapo tuliyoyamwaga. Alilamba taratibu na kwa bidii. Lundo lile lilikuwa na mashimo ya ulimi kila upande. Wiki tano alikuwa anakula tulichotupa.

Alupo akakaa chini na mwiko wake. "Mwanangu," alisema, "tumewapa wazima maji ya kunawia, tukampa kiwete chakula."

Miaka yote hatukujua, kwa sababu ng'ombe walililamba genge lenyewe, hakuna aliyewachujia. Sisi wenye akili, tulipoletewa udongo nyumbani, tukaugeuza abalang kwa kuwa ndivyo mama zetu walivyotufundisha chumvi. Chumvi kweli iko katika maji. Lakini ng'ombe hawakuwa wakifuata chumvi peke yake. Kuna kitu kingine mle kisichotoka na maji, nacho tulikibeba kichwani kutoka Kenya ili tukakimwage.

Nilicheka mpaka Alupo akaniuliza kama ni homa. Kisha nikachukua jembe, nikakusanya lundo lote mpaka la mwisho, nikalipeleka zizini.

Jumanne, 5 Juni

Okanya amekuja peke yake kwa baiskeli. Amesikia habari za ghala langu lisilokwisha kukandikwa. Nilikuwa tayari kwa vita. Nilisimama mbele ya chungu nikiwa na jembe.

"Mama, mimi sikuja kukamata," alisema. "Mimi nataka kuona ile ng'ombe ya mguu."

Alimkagua Kuruta kama fundi anavyokagua saa. Akafungua kope, akapima kidonda kwa kidole, akaandika. Aliniuliza nilichimba wapi, kina gani, na udongo unakaa juani siku ngapi kabla ya kuwapa ng'ombe. Nikasema moja. Akasema kuanzia sasa ziwe kumi, ueneze mwembamba, ugonjwa wa midomo haupendi jua. Hakusema nisivuke.

Kisha akaomba jambo. Katika ndama wanne, wawili wapate mashapo, wawili wasipate, ili ijulikane kwa hakika.

"Mimi sina ndama wa kujaribia," nilimwambia. "Kila mmoja wao ni nyumba yangu. Wote wanne watakula."

Akafikiri. "Basi. Ile ng'ombe ya jirani, nani napatia udongo?"

"Hakuna."

"Iko nyasi moja? Maji moja?"

"Vyote."

"Basi hiyo ndiyo wasiopata," akasema, akaandika.

Aliondoka na damu ya Kuruta, damu ya dume la Ebong, nyasi, na mashapo katika kopo la siagi, kupeleka maabara. Bwana wake hajui. Kaptula yake ilikuwa na matope mpaka kiunoni. Nafuta lile neno nililoandika tarehe kumi Aprili.

Alhamisi, 14 Juni

Nywele mpya zinaota. Nyeusi kwa Koplo, nyekundu safi kwa Sajini. Ndama mmoja alipata homa ya kupe Jumatatu. Leo amenipiga teke la goti. Sijawahi kufurahia teke namna hii.

Alhamisi, 21 Juni

Ndama wa Acen amekufa.

Acen ni binti wa Ebong, ana miaka minane. Omoding ndiye aliyempa ndama yule, siku chache kabla ya kufa. Alimwita mtoto kitandani akamwambia, "Huyu ni wako, mpe cheo." Acen akamwita Jenerali. Sasa Ebong amebaki na watatu kati ya tisa. Leo nimemwona amembeba Jenerali mabegani kwenda kumzika, mtoto anafuata nyuma ameshika mkia, na Ebong analia waziwazi mbele ya watu.

Nimeandika mengi humu kumhusu Ebong. Leo zamu yangu. Tangu tarehe 28 Mei ninajua. Hatua mia moja tu. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba akijua siri atasema ng'ombe wangu wamepona kwa udongo, si kwa mikono yangu, na udongo mtu yeyote anaweza kuuchota. Nilijiambia alitaka kunichukua pamoja na ng'ombe, kama kamba yao. Hayo yote ni kweli. Na Jenerali amekufa.

Alupo hakunisema. Alikula kidogo, akafunika bakuli. Siku zote hamalizi kula bila kunisifia ugali.

Ijumaa, 22 Juni

Nimejaza kikapu mashapo makavu, nikakiweka mlangoni kwa Ebong alfajiri. Nikamwambia mkewe awape ng'ombe walambe. Baadaye nikaona Ebong amekimwaga njiani. Anadhani ni uchawi.

Kichwa kigumu kimeoa katika ukoo huu na kimezaa.

Jumatatu, 2 Julai

Wimbi limekomaa. Okanya amekuja na majibu, jasho linamtiririka, amependeza kama bwana harusi.

"Ni shaba," alisema.

Nikatazama bangili yangu. Alicheka akasema ndiyo, hiyohiyo, lakini kidogo sana, chembe ambayo jicho halioni. Damu ya dume la Ebong karibu haina. Nyasi zetu zina upungufu. Mashapo yanayo, pamoja na kitu kingine alichokiita kobalti. Damu ya Kuruta imejaa sawasawa.

"Lakini ndama wangu walikufa kwa homa," nikasema. "Hawakufa kwa kukosa bangili."

Hapo akachuchumaa akachora chini kwa kijiti, duara na nukta nyingi ndani.

"Mzee yako alikuwa jeshi, si ndiyo? Sasa damu iko na askari yake. Ugonjwa nakuja kila siku, kupe naleta, kidonda naleta, askari napigana. Lakini askari nakula posho. Shaba ni posho yake. Kama hakuna posho, askari iko, unaweza hesabu, lakini nalala kwa zamu. Hata sindano ya Bwana, sindano ni kumfundisha askari adui gani nakuja. Amefundishwa. Lakini njaa! Atapigana na nini?"

Omoding alikuwa akisimulia hivyohivyo habari za Burma. Wiki mbili bila posho, alisema, na wanaume wazima walikufa kwa mchubuko wa kiatu.

Nikamuuliza Bwana Mkubwa amesemaje. Okanya akaangalia pembeni. Kwanza alimfokea. Kisha akasoma majibu mara mbili, akaandika ripoti kwamba idara yake imegundua upungufu wa shaba katika mpaka. Ataagiza mawe ya kulamba yenye madini, yatafika kwa meli baada ya miezi sita au saba. Jina la Okanya halimo, na la Kuruta halimo.

Basi aandike. Na mimi naandika.

Jumatano, 11 Julai

Mavuno. Mikono imechanika. Wanne wazima.

Jumapili, 22 Julai

Tanga limeanuliwa. Tulinyoa, tukaoga, tukamwombea Omoding, watu wakala, wakanywa. Kisha Oluka akaketi karibu na ghala la Ebong akasema tumalize, maana wingu linakuja na nyumbani kwake mbali.

Niliwaleta ndama wanne mimi mwenyewe, na nyuma yao Kuruta, anachechemea, mweusi kama chungu. Wazee wakainuka vitini. Walizoea kuona ng'ombe rangi ya kutu mwaka mzima, mpaka wakasahau rangi ya kweli.

"Wanne," alisema Oluka. "Wamezidi nusu. Imekwisha."

"Haijakwisha!" Ebong akasimama. "Amewalisha nini? Ameweka dawa mlangoni kwangu. Ndama wa binti yangu alikufa, wa kwake wananenepa. Mwulizeni ng'ambo anafuata nini kila wiki!"

Wakanigeukia. Ningeweza kusema neno moja nikaenda nyumbani nimeshinda. Nilikuwa nimelitayarisha. Lakini Acen alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, kichwa kimenyolewa.

"Nitajibu," nilisema. "Nafuata udongo wa genge, ule waliolamba ng'ombe wa baba zenu. Mnaujua wote. Mlipofungiwa mpaka mlikaa chini, kwa sababu hakuna kati yenu anayeweza kubeba chungu kichwani. Mimi nilibeba. Nilikosea nikauchuja, akafa ndama wa tatu. Nikajua kosa langu mwisho wa Mei. Na Ebong, nilinyamaza. Jenerali alikufa mwezi wa Juni. Angeweza kupona. Hilo ni langu, na mtoto atapata ndama wa kwanza wa Kuruta. Lakini kwako siendi. Ng'ombe hawa niliwachunga Omoding akiwa Burma, nikawachunga akiwa kitandani, nikawachunga akiwa kaburini. Kama mnataka kuwachukua, leteni kamba, na mlete nyingine ya kunifunga mimi."

Alupo ndiye aliyefungua kinywa, kutoka walipoketi wanawake. "Na mimi nitakula kwake. Andikeni na hilo."

Oluka akasimama. Alimzunguka Kuruta mara moja, akapitisha kiganja mgongoni mwake akakitazama, kana kwamba weusi ungetoka. "Ng'ombe ni wake," alisema. Kisha akanisogelea, akapunguza sauti. "Kwangu nina kumi na wanne wa kutu. Udongo huo utaniuzia?"

"Siuzi. Genge lipo, na kijito si mbali. Nitawaonyesha pa kuchimba na namna ya kuanika. Ila kila mwenye ng'ombe abebe mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Aliyeubeba hawezi kuumwaga njiani."

Ebong alikuwa akitazama chini. Nilidhani angenipiga. Akaondoka.

Jumanne, 24 Julai

Asubuhi nilikuta mtu amekaa kwenye kigogo mbele ya jiko. Ebong. Mapajani ana chungu, cha mkewe, bado kina masizi.

Hatukusalimiana. Nikachukua changu, tukaenda. Kwa shangazi Amulen nilimwonyesha, akachimba, mkono wake ni mrefu kuliko wangu na udongo wake ulitoka mzuri. Kurudi ndipo palipokuwa na kazi. Alijaribu begani, kikamwelemea. Alijaribu kifuani, kikamziba macho. Mwisho alisokota shati lake likawa kata, akaliweka kichwani, nikamtwika.

Ilikuwa siku ya soko. Njia nzima watu wametoka kutazama. Wanawake walishika midomo. Vijana wawili wa baiskeli walishuka kabisa ili wasikose kitu. Ebong alitembea ameukaza uso, shingo imenyooka, mikono yote miwili juu kama mtu aliyetekwa vitani, nami nilikuwa nyuma yake hatua tatu, na sikucheka. Nilidhani ningecheka.

Kwenye kivuko askari akamwangalia juu mpaka chini. "Na wewe mzee? Chunguni mna nini?"

Ebong alikanyaga magunia ya dawa, mguu wa kwanza, mguu wa pili.

"Udongo wa kukandika ghala," akasema.

Nyumbani aliteremsha mzigo nyuma ya jiko, akafuta matope usoni. Chungu cha matundu kilikuwa palepale kando ya mlango. Akakinyanyua, akaniuliza kama achuje.

"Usichuje," nikamwambia. "Wape wote."

Akakiweka chini, akaniomba jembe la kuueneza juani.